Kiapo Juu ya Haluki

Kiyaki 12

Ndiyo, niliapa. Usinitolee macho na wewe, kijiji kizima kimeshanitolea. Niliapa mbele ya mama mkwe wangu, Mama Zanuba, mbele ya Ashmawi binamu wa mke wangu, na mbele ya sinia la bisara ya maharage ambayo hata sikuimaliza. Nilisema hivi: "Likitoka ua moja la haluki shamba la Mama Zanuba kabla ya kuvuna, mke wangu Nuwara katalikiwa."

Na hii ni talaka ya tatu, bwana. Ya kwanza niliapa njiwa wangu atarudi mwenyewe kutoka Minya mjini. Hakurudi. Ya pili niliapa penalti itaingia. Ilipiga mwamba. Zote mbili shekhe wa zamani, Mungu amrehemu, alizihesabu kuwa talaka, na zote mbili nikamrejea mke wangu kwa kuomba radhi na kilo ya keki ya basbusa. Ya tatu haina basbusa. Ya tatu ni mpaka aolewe na mwanaume mwingine kwanza, na kila mtu hapa anajua ni nani aliyemposa kabla yangu. Ashmawi alikuwa amekaa pale pale, anachovya mkate.

Nilivyoingia mtegoni ni hivi. Mama Zanuba alikuwa kachoka. Miaka mitatu anapanda maharage, miaka mitatu haluki inamla. Hujaiona haluki? Haina jani, haina ukijani, haina kazi. Inakaa chini ya ardhi inanyonya mzizi wa mharage, halafu siku moja inachomoza na maua yake meupe kama bibi harusi, na ukiiona hivyo ujue mharage keshakufa njaa. Mwaka huu maharage yameshaota, lakini Ashmawi akamwambia, "Shangazi, yapindue udongoni, nikodishie mimi nipande viazi sukari."

Mi nina bomba langu la kupulizia dawa mgongoni, nina biashara yangu. Shamba lile liko njiapanda, kila anayekwenda sokoni analipita. Likiwa safi, kijiji kizima kitanibeba. Nikasema niachieni mimi. Ashmawi akacheka: "Haluki wa miguu miwili tayari anakula humu ndani, tumwongeze na shamba?"

Ndipo mdomo ukafunguka wenyewe.


Kiyaki 13

Nuwara kafunga nguo zake kwenye shuka. Nikamwambia, mke wangu, bado halijatoka hata ua moja, unakwenda wapi?

"Kwa mama. Mpaka siku ya kuvuna."

"Kama mke wangu?"

"Kaulize maharage."


Kiyaki 15

Nimekwenda kwa shekhe mpya, kijana, kasoma Kairo. Nikamweleza kila kitu, hata njiwa. Akasikiliza, akakuna ndevu.

"Mkeo keshakuja kuniuliza," akasema.

"Basi nijibu na mimi."

"Jibu nimempa yeye. Kaniomba nikunyime."

"Shekhe, inaruhusiwa hiyo?"

"Kakuombea kitu kizuri kuliko jibu. Nenda kalime."

Nimemwuliza Nuwara dirishani kwa mama yake. Akafunga dirisha.


Kiyaki 20

Nimekwenda ofisi ya kilimo kumwona Bashmuhandisa Irini, bibi shamba wetu. Ndiye aliyenifundisha mambo haya mwaka juzi, na ndiye kanipa daftari hili niandike siku za kupuliza kwa miezi yetu ya wakulima, manake anasema kichwa changu ni chujio. Nimesoma mpaka darasa la nne, mwandiko wangu kuku anacheka, lakini naandika.

Akanirudishia somo upya. Dawa ni ile ile tunayochomea majani ya kingo za mfereji. Ila kidogo. Kidogo sana. Kifuniko kimoja kwa tangi zima, kama chumvi ya mgonjwa wa presha. Mharage unainywa, unaishusha mizizini, haluki inayonyonya inajinywea sumu. Ukizidisha, unamuua na mwenye nyumba.

"Na wakati, Khalafu?"

"Mharage ukitoa maua ya kwanza. Halafu tena baada ya wiki tatu hivi."

"Na ukishaona haluki imechomoza?"

"Kupuliza ni kujifariji."

"Vizuri. Nasikia umeapa."

Hata Wakristo kama yeye wameshasikia.


Kiyaki 27

Mkate wa batau na jibini ya mishi. Jana mkate wa batau na jibini ya mishi.


Tuba 6

Maua ya kwanza. Meupe, na doa jeusi katikati kama jicho. Nimesimama nayatazama, na yenyewe yananitazama.


Tuba 8

Nimepuliza. Asubuhi tulivu, umande umekauka, kifuniko kimoja kwa tangi, sikuzidisha tone. Nilikwenda tuta kwa tuta. Karibu na mdomo wa mfereji dereva wa tuktuk akasimama akaniuliza kama ni kweli napulizia ndoa. Nikamjibu kwamba napulizia wapambe, tukacheka kidogo, nikaendelea.

Ashmawi kapita na punda wake. Shamba lake la maharage limepakana na hili, mfereji mdogo tu katikati. Ndiyo, yeye mwenyewe kapanda maharage, halafu alitaka shangazi yake apande viazi sukari.

Nikamwambia, "Leta na la kwako, tangi bado lina dawa."

"Dawa gani? Kifuniko kimoja? Shemeji, hayo ni maji ya kutawadhia."

"Basi wiki ijayo."

"Wiki ijayo utakuwa unatafuta mke."


Tuba 17

Kuna jamaa kijiji cha ng'ambo anataka nimpulizie ngano yake kubwa, siku nne, nalala huko huko. Kazi kama hiyo naiota usiku. Nimekataa.

Nikiondoka, nani ataangalia shamba? Mi niliyekuwa silali kijiji kimoja siku mbili, leo nazunguka nusu ekari kama ng'ombe wa gurudumu la maji. Naamka, naenda shamba. Nanywa chai, naenda shamba. Nimeanza kuyajua maharage kwa sura. Kuna mmoja umepinda kama mjomba wangu.


Tuba 18

Shamba.


Tuba 19

Shamba. Mama mkwe kaniletea yai.


Tuba 28

Nimechimba mizizi ya mimea kadhaa, kama alivyonifundisha Bashmuhandisa. Nikaiosha mferejini. Haluki zipo, za ukubwa wa punje ya dengu, zimeng'ang'ania mzizi. Nyingi nyeusi, zimekufa. Nikataka kucheza pale pale. Halafu nikaona nyeupe. Moja, tena nyingine. Nono, zenye afya, kama watoto wa diwani.

Mpulizo wa pili ni kesho kutwa.


Amshiri 1

Upepo.


Amshiri 2

Upepo. Amshiri ni Amshiri, mwezi wenye wazimu, lakini nilidhani mwaka huu utanionea huruma. Nimefungua bomba nijaribu, dawa yote imekwenda kwa mbuzi wa jirani.


Amshiri 4

Vumbi. Jua jekundu kama mtu kalifinyanga kwa udongo. Mi niko ndani nasikiliza mlango unavyopigwa na najua kwamba kule chini ya udongo, nyeupe zile zinakunywa. Zenyewe hazisikii upepo. Zina nyumba, zina chakula, zina mama mkwe asiyezitazama vibaya.

Nimekwenda kugonga kwa Mama Zanuba. Nuwara kafungua mlango kidogo, nikaona jicho moja.

"Bado upepo," nikamwambia.

"Naona."

"Zipo zilizo hai. Nimezichimba nimeziona."

Jicho likanishuka mpaka tumboni. Halafu, "Umekula?"

"Mishi."

Akafunga mlango. Nikasimama pale nikidhani ataleta chakula. Hakuleta. Lakini aliuliza.


Amshiri 7

Leo nimefanya jambo la kijinga, na naliandika lote.

Alfajiri upepo ulitulia. Nikakimbia na bomba. Njiani nikamkuta Ashmawi ananawa uso mferejini, akasema, kwa utani tu, "Leo zidisha bwana, mke ni mmoja." Neno hilo likanikaa kichwani kama nzi. Nikafika shambani, nikatia kifuniko kimoja. Nikakitazama. Maji ya kutawadhia. Nikafikiria nyeupe zile. Nikafikiria Ashmawi anachovya mkate. Nikatia cha pili. Cha tatu. Cha nne mkono ulikwenda wenyewe.

Na hapo, nisikufiche, wazo lilinijia. Mharage ukifa, haluki itanyonya nini? Itakufa naye. Shamba likiungua lote, halitoki hata ua moja la haluki mpaka kiama, na kiapo changu kinasimama wima kama mnara wa msikiti. Nuwara wangu. Ashmawi akachovye mkate kwake.

Nikapuliza tuta la kwanza. Nikafika mwisho wa tuta, nikageuka, na Mama Zanuba yuko kando ya shamba na birika la chai na vikombe viwili. Kavaa kilemba chake cheusi. Kakaa chini, kanimiminia.

"Mwaka huu yamejaa maua," akasema. "Mungu akubariki, mkwe wangu. Nimeshamwambia mwenye duka la unga asubiri mavuno."

Nikanywa ile chai. Ilikuwa na sukari nyingi, kama anavyojua napenda. Halafu nikavua bomba, nikalimwaga lote kule kwenye kingo yenye magugu, nikalisuuza, nikalisuuza tena. Upepo ukarudi kabla sijachanganya tangi jipya.

Nikambebea birika mpaka mlangoni kwake, habari ya vifuniko nikaiacha shambani.


Amshiri 13

Tuta la kwanza limegeuka njano. Vichwa vimejikunja, maua yamedondoka yote. Tuta moja zima, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mstari wa kalamu nyekundu ya mwalimu.

Nuwara kaja mwenyewe. Mara ya kwanza tangu Kiyaki namwona mwili mzima, si jicho. Kakonda, au mi ndiye niliyesahau. Akatembea lile tuta, akainama, akashika jani, likavunjika.

"Vifuniko vingapi?"

"Vinne."

"Irini alisema vingapi?"

"Kimoja."

"Ulitaka kuchoma maharage ya mama ili kiapo chako kisimame?"

"Ili nisikupoteze."

Akapangusa vumbi la jani mikononi. Nilitamani anitukane, ningejua la kufanya.

"Khalafu," akasema, "mi si njiwa. Si penalti. Mama yangu anakula humu." Akaonyesha shamba. "Ukiamua kuwa mtu, kuwa mtu hata kama haluki itatoka. Yapulizie ipasavyo, halafu acha litakalokuwa liwe."

"Na likitoka ua?"

"Litakuwa limetoka."

Akaondoka. Aliacha kitambaa kimefunga kitu juu ya kingo. Mkate wa moto na taamiya, bajia za maharage.


Amshiri 14

Shwari. Sijawahi kuona asubuhi ya Amshiri imelala hivi. Kifuniko kimoja. Mkono ulitii. Nimechelewa wiki mbili. Bashmuhandisa nimempigia simu, kasema kuchelewa ni kuchelewa, lakini si kukosa. Safari hii sikusimama kuongea na mtu. Tuktuk ilipiga honi, nikageuza kisogo.


Amshiri 22

Shamba. Hakuna.


Amshiri 23

Hakuna.


Amshiri 29

Hakuna. Nimetembea kila tuta nimeinama kiasi kwamba watoto wa shule wananiita Babu.


Baramhati 4

Maganda ya kwanza yametoka. Mabichi, matamu, tumekula na chumvi mi na mama mkwe pale pale kingoni, tunatema maganda kama watoto. Akaniuliza kama nina usingizi mzuri. Nikamwambia silali. Akasema, "Hata yeye halali. Lakini usimwambie nimekwambia."


Baramhati 9

Alfajiri nimemwona Ashmawi amechutama ng'ambo ya mfereji wetu mdogo, anafanya kitu chini. Damu ikanipanda. Nikasema huyu kaja kunipandikizia ua, leo tutaonana. Nikaruka mfereji, kanzu ikalowa mpaka kiunoni.

Alikuwa ndani ya shamba lake mwenyewe. Na shamba lake lilikuwa jeupe. Haluki kila mahali, zimesimama wima, zimepita hata urefu wa maharage. Yeye kakaa katikati na moja mkononi, hata hakushtuka nilivyotokea.

"Jumatatu hazikuwepo," akasema. "Khalafu, wallahi Jumatatu hazikuwepo."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Nimeyatunga miezi mitatu, mengine yana vina. Badala yake nikachutama naye.

"Nipulizie," akasema. "Hata vifuniko kumi."

"Shemeji, ukishaiona imechomoza imekwisha. Hiyo dawa ilikuwa ya Tuba."

"Ya kutawadhia."

"Hiyo hiyo."

Nikaichukua ile aliyoishika. Halafu nikamwambia hizi haziwezi kubaki. Ua moja likikauka linamwaga vumbi la mbegu, na vumbi hilo linakaa ardhini mpaka wajukuu. Leo ni wewe, mwakani mimi na nusu ya kijiji. Akataka kuwapa kondoo. Nikamkatalia, kondoo atazila halafu atatuzungushia mbegu kwenye mavi yake mpaka Beni Suefu.

Tumeng'oa kutwa nzima. Mi na Ashmawi, magoti udongoni, mmoja tuta hili mwingine lile. Tukatia kwenye magunia, tukachoma. Moshi wake unanuka vibaya. Mchana Nuwara kapita kwenye shamba letu na ndoo, kaenda upande wa mdomo wa mfereji, kainama, kainuka, hakutusalimia.

Jioni nikamwuliza Ashmawi, mikono yetu myeusi yote, "Mimi ningeshindwa, ungemwoa?"

Akafikiri. "Nuwara?" akasema. "Mi nina presha, ndugu yangu. Daktari kanikataza chumvi, atanikubalia Nuwara?" Halafu, bila kunitazama: "Nimepita shambani kwako kila siku natafuta ua. Kila siku. Sikuliona hata moja."

Huyu mtu nimemchukia miaka sita. Leo kanipa sigara yake ya mwisho.


Baramhati 21

Maganda yameanza kuiva. Hakuna.


Baramhati 30

Meusi, makavu, yanapiga kelele ukiyagusa. Hakuna. Hakuna hata moja. Kasoro lile tuta lililoungua, shamba limejaa. Watu wanasimama njiapanda wanatazama. Watatu wameniuliza bei ya msimu ujao. Kwa mara ya kwanza tangu Kiyaki nimepiga mluzi.


Baramuda 3

Tumevuna. Tulianza na umande ili maganda yasipasuke, mstari mzima, Mama Zanuba mbele, Ashmawi kaja na punda bila kuitwa. Tuta la mwisho nililing'oa mwenyewe. Nikasimama katikati ya shamba tupu nikainua mikono kama kocha.

Jioni tukakaa kwa mama mkwe. Nuwara akaleta sinia. Juu ya sinia kuna chupa ya dawa ya kikohozi, kizibo kimekazwa na nta. Ndani ya chupa kuna haluki. Imekauka, rangi ya kahawia, imejaa vifuko vya mbegu.

"Ilitoka mdomo wa mfereji," akasema. "Siku mlipokuwa mnang'oa za Ashmawi. Pale pale ulipokuwa unapiga domo na dereva wa tuktuk."

Nikalirudisha tonge sahanini. Nikaiona ile asubuhi ya Tuba, bomba mgongoni, nacheka, na mkono umesahau.

Ashmawi akatazama dari. Mama Zanuba akasema, "Mimi macho yangu ya uzee, sioni chupa yoyote."

"Basi imekwisha," nikasema.

Nuwara akakaa mbele yangu. "Shekhe nilimwuliza siku ile ile uliyoapa. Akasema mtu aliyeapa ili aaminiwe, si kwa nia ya kuacha mke, kiapo kikivunjika atoe kafara. Alishe masikini kumi."

"Ulijua tangu Kiyaki?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha niteseke msimu mzima?"

"Zile mara mbili za kwanza, Khalafu, uliteseka dakika ngapi?"

Mi nina jibu la kila kitu, muulize yeyote. Safari hii nikauliza tu chungu kikubwa kiko wapi.


Baramuda 5

Nimelisha masikini kumi. Nimepika mwenyewe, maharage ya shamba lile lile, chungu kimekaa motoni usiku kucha, kitunguu, bizari, mafuta ya ufuta. Nimebeba sahani moja moja. Tulipata tisa. Ashmawi akasema kwa mavuno aliyopata mwaka huu yeye anastahili kuwa wa kumi, akakaa, akachovya mkate. Nikamwongeza.

Nuwara karudi na shuka lake la nguo. Kitu cha kwanza alichotoa ni chupa. Kaiweka rafu ya juu kabisa, karibu na taa.

"Ukiapa tena," akasema, "hata kwa paka, naifungua shambani."

Anaweza. Unaijua ile chupa? Mbegu zilizomo ni nyingi kuliko watu wa Minya, na mi ndiye ninayelima shamba lile mwakani. Nalala naitazama. Naamka inanitazama.

Sasa sikiliza, wewe unayesoma. Nuwara hasomi mwandiko wangu, hata mi mwenyewe napata tabu. Kila Jumatano asubuhi anakwenda kwa mama yake kuoka mkate, mlango anaufunga kwa kamba tu. Ingia, panda kile kigoda, chukua chupa, usiifungue, itupe ilivyo kwenye moto wa tanuri la mwokaji. Mi nitakupulizia maharage yako misimu miwili, bure, kifuniko kimoja kwa tangi, kwa wakati wake, na sitaongea na dereva yeyote.

Ukikubali, niambie ndiyo tu. Usiniapie.